Ndege Juu ya Bukoba: Filamu za Vita na Deni la Ukweli

Mwezi wa Oktoba mwaka 1978, wakati wa adhuhuri, ndege za kivita aina ya MiG za Jeshi la Anga la Uganda zilitokea juu ya mji wa Bukoba na kudondosha mabomu. Mizinga ya kutungulia ndege iliwajibu marubani wale bila ya kuwapata. Madhara ya mabomu yenyewe hayakuwa makubwa, lakini mshindo ulipasua vioo vya madirisha na hofu ikauingia mji. Mkoa ulikuwa ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Jina la Kagera, ambalo leo hutamkwa kana kwamba limekuwapo tangu enzi, ulipewa mwaka 1979, baada ya vita. Tarehe 30 Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, ilikuwa sehemu ya Uganda. Redio yake ilijigamba kuwa kazi hiyo ilikamilika kwa dakika 25.

Mtunzi wa sinema angeweza kutamani nini zaidi ya hayo? Pana ndege, pana mto, pana daraja, pana dhalimu mwenye majigambo. Hata hivyo filamu zinazomhusu Amin, ambazo si chache, zimepita pembeni ya Bukoba. Zile zilizozunguka dunia zina Kampala, zina Entebbe, zina ikulu na bwawa la kuogelea, na zina uso wa Amin uliojaza kiwambo kizima. Mtu aliyesimama katika kibanja chake cha migomba na mibuni, akainua macho na kuuliza ndege ile ni ya nani, hayumo.

Mtu wa kwanza kuielewa nguvu ya kamera katika habari hii alikuwa Amin mwenyewe. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alimtengenezea filamu ambayo jina lake kamili humwita Amin mchoraji wa sura yake mwenyewe, na jina hilo lilistahili. Humo Jenerali anaonekana akiongoza mazoezi ya kijeshi ya kuiteka milima ya Golan. Askari wanakimbia, amri zinatolewa, kilima kidogo cha Uganda kinajifanya cha Syria, kisha kilima kinatekwa na kiongozi anaridhika. Mtazamaji wa Ulaya alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoifanya filamu ipendwe. Amin alipoarifiwa kwamba baadhi ya vipande havimpendezeshi, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda na kuwazuia mpaka Schroeder alipokubali kuvikata. Miaka minne baadaye mchezo wa Golan ulichezwa upya, safari hii katika ardhi ya watu wenye uhai, na bila kamera ya kigeni. Inakadiriwa kuwa raia wapatao 1,500 waliuawa upande wa kaskazini wa Mto Kagera. Ng'ombe waliswagwa kwa maelfu kupelekwa Uganda, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa mitambo yake. Atakayeitazama leo filamu ya 1974 akijua hayo hataona pa kucheka katika kile kilima, na huenda hiyo ndiyo sifa yake kubwa: imekuwa ushahidi bila kukusudia.

Baada ya uvamizi wa makomando wa Israeli katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Julai 1976, filamu zilifuatana kama mvua za masika. Mbili za Marekani zilitengenezwa haraka kwa ajili ya televisheni, na Israeli ikatoa yake mwaka 1977. Katika zile mbili za Marekani sehemu ya Amin ilipewa waigizaji Wamarekani Weusi: Julius Harris, aliyeichukua baada ya Godfrey Cambridge kufariki akiwa kazini, na Yaphet Kotto. Usiku ule wa Entebbe Waisraeli waliziharibu ndege za MiG za Uganda zikiwa zimeegeshwa. Hadithi za aina hii hazina haja na rubani wa Kiafrika. Ndege yake inatakiwa iungue tu, ili mtazamaji apumue. Nani aliyezirusha, alifunzwa wapi, alimwogopa nani, hayo si ya hadithi. Ni dhahiri kuwa Entebbe ilikuwa kisa cha mateka na waokozi wao, na si haki kuidai sinema ya kisa hicho ieleze mambo yote ya Uganda. Lakini mazoea huzaliwa hivyo hivyo, kwa kila filamu kuwa na udhuru wake.

Kenya ilitoa yake mwaka 1981, chini ya Sharad Patel, na Joseph Olita akamwigiza Amin kwa kufanana naye kiasi cha kutisha. Filamu hiyo ilienea sana kwa kanda za video Afrika ya Mashariki, na wengi waliozaliwa baada ya 1979 walimjua Nduli kwa sura ya Olita kabla ya kuiona picha ya Amin mwenyewe. Ina haraka ya gazeti la jioni. Inakusanya kila uvumi, hata ule wa kula nyama ya watu, na kuuonyesha kana kwamba ulithibitishwa. Waliouawa kweli walikuwa wengi mno hata uvumi haukuhitajika, na kuuongeza ni kumpa wakili wa Amin pa kuanzia utetezi.

Kisha ikaja filamu ya Kevin Macdonald ya mwaka 2006, iliyotokana na riwaya ya Giles Foden ya 1998, na kwa watazamaji wengi wa dunia mjadala ulifungwa hapo. Forest Whitaker, Mmarekani Mweusi wa tatu katika mlolongo huu, alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo na akapata tuzo ya Oscar mwaka 2007. Uigizaji wake haukanushiki: anacheka, na katika kicheko kile kile mtazamaji anaona kifo kikipita. Taabu iko katika jicho linalomtazama. Daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, ambaye hakuwahi kuishi duniani, ndiye anayependa, anayekosea, anayeteswa na anayeokoka. Kay, mke wa Amin, anauawa na mwili wake kukatwa kwa sababu ya mapenzi yake na Mskoti huyo. Kay Amin wa kweli alikufa mwaka 1974, na mwili wake kweli ulikatwa vipande. Lakini aliyehusishwa na kifo hicho alikuwa daktari Mganda, Mbalu Mukasa, naye akafa siku zile zile. Filamu imemfuta Mganda katika msiba wake mwenyewe na nafasi yake kumpa mgeni wa kubuni. Hayo ni mabaya kuliko kosa la tarehe. Kisha Garrigan anapanda ndege Entebbe mwaka 1976 na kuondoka, na hadithi inakwisha pamoja naye. Miaka mitatu iliyobaki, yenye Bukoba, Kyaka na Masaka ndani yake, inaachiwa maandishi ya mwishoni.

Je, kosa la filamu ya vita lipimwe kwa kipimo gani? Swali hili limejadiliwa kwa kina zaidi Marekani, kuhusu marubani Weusi wa Vita Kuu ya Pili, na mjadala wao unamfaa sana mtu wa Kagera. Mwaka 1925 ripoti ya chuo cha vita cha jeshi la Marekani ilidai kuwa mtu Mweusi hana akili wala ujasiri wa kutosha kwa kazi nzito za vita. Mwaka 1941, katika jeshi lililokuwa bado limegawanywa kwa rangi, vijana Weusi walianza kufunzwa urubani huko Tuskegee, Alabama. Walipopelekwa Italia, kazi yao kubwa ilikuwa kuzisindikiza ndege za mabomu, na mikia ya ndege zao ilipakwa rangi nyekundu. Baada ya vita ikazuka sifa kwamba hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu kwa mashambulizi ya ndege za adui. Filamu ya televisheni ya mwaka 1995, ambamo Laurence Fishburne ni rubani Hannibal Lee, ilifunga kwa sifa hiyo. Hakuna aliyethubutu kuihoji, kwani kuihoji kulionekana ni kurudi upande wa ripoti ya 1925.

Kuanzia mwaka 2006 kumbukumbu zilipekuliwa upya, na mwanahistoria wa Jeshi la Anga la Marekani, Daniel Haulman, akaonyesha kuwa ndege 27 zilizokuwa chini ya ulinzi wao ziliangushwa na ndege za adui. Vikosi vingine vya kazi ile ile katika jeshi lile lile la anga vilipoteza, kwa wastani, ndege 46 kila kimoja. Msomaji azitazame namba hizo mbili kwa utulivu. Ishirini na saba ni ushahidi wa kazi nzuri sana iliyofanywa na binadamu. Sifuri ilikuwa kazi ya malaika, na malaika hana haja ya haki za uraia. Hadithi ya sifuri, ingawa ilitungwa kwa mapenzi, iliwawekea wale vijana sharti ambalo hakuna rubani Mweupe aliyewahi kuwekewa: wawe wakamilifu ndipo waheshimiwe.

Filamu ya mwaka 2012 iliyogharimiwa na George Lucas, ambayo jina lake linatokana na mikia ile myekundu, ilikuwa na nafasi ya kusahihisha. Haikuitumia. Mahali pa Benjamin O. Davis Jr., kamanda wa kweli ambaye maisha yake yangetosha filamu tatu, iliweka kanali wa kubuni, na mbele ya vijana wake ikaweka adui Mjerumani mwenye kovu usoni kama jini la hadithi za watoto. Manowari inalipuka kwa risasi za ndege. Ni kweli kwamba Juni 1944 marubani hao waliishambulia manowari karibu na Trieste na kuidhuru vibaya, lakini haikuzama siku ile. Ni kweli pia kuwa tarehe 24 Machi 1945, katika safari ndefu ya Berlin, waliziangusha ndege tatu za Kijerumani za injini za jeti, zilizokuwa na kasi kuliko zao. Mwenye ukweli wa namna hiyo mkononi ana haja gani ya kovu la usoni? Filamu imepakwa rangi nyingi, na chini ya rangi hizo wanaume wa kweli hawaonekani vizuri.

Hapa msomaji wa mwambao, ambaye amelelewa na tenzi, ana haki ya kunong'ona. Je, Utenzi wa Tambuka hausimulii mapigano makuu dhidi ya majeshi ya Herekali, ilhali wanahistoria wanasema kwamba katika safari ya Tabuk ya mwaka 630 majeshi ya Kirumi hayakukutwa kabisa? Na nani Pate au Lamu aliyemwita Mwengo wa Athumani mwongo? Hoja ni nzito na haifai kupuuzwa. Jibu lake limo katika mapatano. Mtunzi wa utenzi huanza kwa dua, hutaja wino na karatasi, husema kuwa anaitunga hadithi, na mwishoni hulitaja jina lake. Msikilizaji anajua kwamba ameketi mbele ya mtu anayetunga, na anauonja ustadi wa vina na mizani huku akipokea maana. Filamu ya vita huanza kwa maandishi machache meupe yanayodai kuwa yatakayoonekana yametokana na matukio ya kweli, kisha huficha mkono wa mtunzi kadiri iwezavyo. Inachukua heshima ya ushahidi na kuitumia kwa uhuru wa ngano. Mwengo hakudai hati mbili kwa wakati mmoja.

Tanzania nayo iliitengeneza filamu yake. Mwaka 1980 Kampuni ya Filamu Tanzania ikishirikiana na Taasisi ya Vielelezo ilitoa filamu ya kumbukumbu iliyoitwa *Vita vya Kagera*, na mkazo wake ni ushujaa na ari ya wapiganaji. Ilistahili kutengenezwa, na ilitengenezwa wakati majeraha yakiwa mabichi. Lakini nayo ina hatari ya sifuri. Januari 1979 JWTZ ilipouteka mji wa Mutukula, nyumba zilibomolewa kwa matingatinga na raia wakauawa, kwa hasira ya yaliyotendwa Kagera. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari walioifuatilia vita hiyo, wameyaeleza hayo katika kitabu chao cha 1982. Wameeleza pia kuwa Nyerere alipopata habari alishtuka, akaamuru kuwa maisha na mali za raia wa Uganda ziheshimiwe. Filamu ya sifa haitarajiwi kukaa sana Mutukula. Lakini ikiiruka Mutukula inairuka pia amri ya Nyerere, kwa sababu amri haina maana bila ya kosa lililoizaa. Jeshi lililokosea, likakemewa na mkuu wake, kisha likaendelea hadi Kampala mwezi Aprili, ni jeshi la watu. Mutukula ndiyo ndege 27 za Tanzania, na hadi leo wengi wanaoisimulia vita hii majukwaani hupendelea sifuri.

Ushairi uliwahi kufika mahali hapa kabla ya kamera za dunia. Mwaka 1981 Henry Muhanika alichapisha *Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada*. Yeye aliuchagua utenzi, bahari ya pwani, kwa vita vya bara. Na jambo hilo linastahili kukumbukwa hapa visiwani, ambako kwa miaka mingi watu wa bara walisemwa kwa sababu ya *Malenga wa Bara* ya Kahigi na Mulokozi, ya mwaka 1976, na mashairi yake yasiyofuata vina. (Ugomvi ule ulikuwa mtamu, na baadhi ya waliougombana walikuwa wakisomana kwa siri.) Mulokozi huyo huyo ndiye aliyefanya utafiti mkubwa juu ya enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, na mafundi wake wanaoimba habari za akina Rukiza na Kaitaba. Habibu Selemani alikuwa miongoni mwa mafundi hao. Mpiga enanga huketi na ala yake mbele ya watu wanaokijua kisa tangu utotoni, naye hawezi kukibadili bila ya wao kujua. Anaweza kurefusha safari au kumfanya shujaa alie zaidi. Lakini akimwua asiyekufa, kuna mzee atakayekohoa.

Sinema haina mzee huyo. Bukoba na Muleba wapo bado watu waliozisikia MiG zile. Wapo waliohifadhi wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto katika nyumba zao. Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya askari waliokufa katika vita hiyo, na tarehe 25 Julai 2013 taifa lilikwenda huko kuadhimisha Siku ya Mashujaa. Ni mbele ya watu wa mahali kama hapo filamu ingepaswa kuonyeshwa kwanza, kabla ya tamasha lolote la Ulaya, na mtengenezaji akae nyuma asikilize nani anakohoa wapi.

Wala asiogope kwamba ukweli utamnyima mchezo. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya mabomu ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin kwa kuutisha mji wa Mwanza, iliukosa mji mzima na kuangusha makombora yake kwenye Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, ikaua swala. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zilipiga maghala ya mafuta ya Kampala na Jinja. Hakuna mwandishi wa filamu ambaye angethubutu kuwabuni wale swala. Angeambiwa anafanya mzaha. Amin mwenyewe alipendekeza kuimaliza vita kwa kupigana ngumi na Nyerere, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Mambo ya aina hii yakiwekwa kando ya raia 1,500 yanaleta ugumu wa sauti ambao ni fundi tu anayeweza kuumudu, na ndiyo sababu wengi wamechagua njia nyepesi ya kuucheka uso mmoja.

Atakayejitokeza siku moja kuitengeneza filamu hiyo atafika, atake asitake, kwenye daraja la Kyaka. Ndege za Amin zililishambulia na kushindwa kulivunja. Mabomu yaliangukia penginepo, daraja likabaki. Ndipo akatafutwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, na tarehe 3 Novemba 1978 daraja likavunjwa kwa milipuko iliyofungwa kwa mikono, nguzo kwa nguzo, na watu waliotembea juu yake kwa miguu. Kwa kamera, ndege ingependeza zaidi: mlio kutoka mbali, kivuli juu ya maji, moto, chuma kikiporomoka mtoni. Pesa za kuuchora moto huo kwa kompyuta zitapatikana, na mtazamaji wa London au wa Dar es Salaam hatajua tofauti. Wa Kyaka atajua.